Kumtafuta Mangi Lobulu

Wajukuu zangu, nikisimama mlangoni mwa darasa lenu hapa Meru nikaita "Kaaya!", sitashangaa wakiinuka wanne kwa pamoja. Nikiita Mbise, Pallangyo, Nanyaro, Nnko au Sarakikya, itakuwa vilevile. Sehemu nyingine za nchi yetu jina la mwisho la mtoto huwa la babu yake. Kwetu Wameru ni la ukoo mzima, na ukoo una nyumba nyingi, zimetapakaa kuanzia Poli hadi Ngare Nanyuki na hata nje ya nchi. Kwa hiyo mtu akifia vitani, na kilichobaki kwenye karatasi ni hilo jina moja tu, safari ya kumtafuta ndiyo kwanza inaanza.

Leo nawasimulia habari za Kaaya mmoja. Hii si ngano, na sungura hayumo. Ni habari ya Mangi Lobulu Kaaya, mtawala wetu aliyeuawa zaidi ya miaka 120 iliyopita na ambaye watu wake wameendelea kumtafuta ng'ambo ya bahari. Sikilizeni vizuri, maana kuna sehemu inayowahusu ninyi wenyewe, hata wale ambao si Kaaya.

Mkitoka mjini Arusha kwenda Moshi, mkishapita soko la Tengeru, tazameni kushoto. Huko juu, kwenye migomba na kahawa, ndiko Akeri na Nkoaranga. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 walifika Akeri vijana wawili wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Kwao asili ni nchi za Baltiki, kaskazini mwa Ulaya. Walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga misheni. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujikita Moshi, na mkuu wao alikuwa Kapteni Kurt Johannes.

Habari za Moshi zilijulikana huku kwetu. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Moshi aliwapiga Wajerumani wakakimbia, lakini mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Wapiganaji wa Kimeru na wa Kiarusha walipoona wageni wanapiga mahema Akeri, hawakuona misheni. Waliona Moshi inawajia. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba waliivamia kambi, wakawaua wale vijana wawili pamoja na Wachaga waliofuatana nao.

Hapa nataka mnisikilize kwa utulivu. Ovir na Segebrock walikuwa na mama zao waliowasubiri nyumbani, na wale Wachaga waliokufa pamoja nao walikuwa na mama zao vilevile upande wa pili, chini ya Kilimanjaro. Sitawaficha hilo ili hadithi iwe tamu upande wetu. Anayetafuta historia ya mtu aliyekufa vitani lazima akubali kuwakuta na wengine waliokufa humo humo, hata wale waliouawa na watu wake.

Kisasi kilikuwa kizito kupita kiasi. Johannes alirudi na askari wake na kundi kubwa la wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaswagwa kwa maelfu. Watu walikufa Meru, na watu walikufa Arusha. Mnajua ninyi kwamba mgomba ukikatwa leo, mkungu hauliwi kesho. Njaa ilikuja baada ya risasi.

Tena kuna jambo moja ambalo huwa linapitwa haraka. Wanawake wengi wa Kichaga walikuwa wameolewa huku, wengine baada ya kutekwa kwenye vita vya zamani, na wakati wa vita hivyo wakarudishwa Kilimanjaro. Baadhi yao walikuwa wameshazaa. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Vita havikuisha mara moja. Mapigano yaliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1900, Wajerumani walipojenga boma lao Arusha. Waliolijenga ni Waarusha na Wameru, kwa kulazimishwa. Boma hilo mnalijua: ndilo lile la kuta nyeupe mwisho wa Mtaa wa Boma, ambamo sasa kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe. Siku mwalimu akiwapeleka kuangalia vipepeo na mafuvu ya binadamu wa kale, mgeukieni mmoja wenu mkumbushane nani alibeba yale mawe.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, viongozi na wapiganaji 19 walinyongwa Old Moshi. Walituhumiwa kupanga njama dhidi ya Wajerumani. Walikuwamo Wachaga, Wameru na Waarusha. Mangi Meli alikuwa mmoja wao, na Mangi Molelia wa Kibosho, na mangi wetu Lobulu. Old Moshi hadi leo wageni huonyeshwa mti wanaosema ndio waliotundikiwa, na tangu Machi 2019 pana sanamu ya Meli pale. Miili ya waliouawa haikukabidhiwa kwa watu wao. Wazee wa huko na wa huku wamesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba vichwa vilikatwa vikapelekwa Ujerumani.

Mtauliza: kichwa cha mtu ni cha nini? Swali zuri. Zama zile walikuwapo wasomi Ulaya walioamini kwamba ukipima fuvu la mtu utajua kabila lake ni bora au ni duni. Ulikuwa uongo uliovaa koti la sayansi, na sayansi yenyewe baadaye ikaukana. Lakini kwa ajili ya uongo huo mafuvu yalitafutwa kila mahali wazungu walikotawala. Mmoja wa wakusanyaji wakubwa alikuwa Felix von Luschan, wa jumba la makumbusho ya mataifa mjini Berlin. Maafisa wa jeshi, madaktari na wasafiri walimtumia mafuvu na mifupa kutoka makoloni, yakiandikwa kwa wino mahali yalipotoka na aliyeyatuma. Jina la marehemu mara nyingi halikuandikwa kabisa.

Kwa nini hilo la jina ni kubwa? Nendeni Tengeru mkaone. Pale yapo makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi walioletwa na Vita Kuu ya Pili, wakaishi hapo kuanzia mwaka 1942. Walikuwa karibu 5,000, na makaburi yao yanakaribia 150. Yamezungushiwa ukuta, yanatunzwa, na mtu akitoka Poland leo akimtafuta bibi yake, anasoma jina kwenye msalaba, anaweka ua, analia, anakwenda zake akiwa mwepesi. Nafurahi kwamba ardhi yetu iliwatunzia wale watu wafu wao. Ndiyo sababu nadai na sisi tutunziwe wa kwetu.

Sasa tuingie Berlin. Mwaka 2011 taasisi inayosimamia majumba ya makumbusho ya serikali huko, inayoitwa Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ilipokea kutoka hospitali ya Charité mafuvu kama 7,700. Walipoanza kuchunguza yale ya Afrika Mashariki, mwaka 2017, walikuta 904 ni ya Rwanda, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Mia mbili na mawili, wajukuu zangu. Hesabuni wanafunzi wa madarasa yenu manne au matano ndipo mtaelewa hiyo namba ina maana gani. Na si Berlin peke yake: von Luschan alipofariki mwaka 1924, mkusanyo aliokuwa nao nyumbani kwake, maelfu ya mafuvu na mifupa, uliuzwa kwa Makumbusho ya Marekani ya Historia Asilia, New York. Kwa hiyo mtu wa Akeri anayemtafuta babu yake inampasa aangalie miji miwili, katika mabara mawili ambayo Lobulu mwenyewe hakuwahi kuyakanyaga.

Mwaka 2023 ilikuja habari iliyofanya watu wa Kilimanjaro na Meru wakeshe wakizungumza. Wataalamu walichukua mafuvu manane ambayo karatasi zake zilionyesha huenda wenyewe wangejulikana. Wakaomba mate ya watu wanaodhaniwa kuwa wajukuu na vitukuu, na Chuo Kikuu cha Göttingen kikalinganisha. Matatu yalipata ndugu zao walio hai. Moja liliafikiana kabisa na familia moja ya Kichaga, nalo lilikuwa limeandikwa "Akida"; alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Kwa mara ya kwanza fuvu kutoka nchi yetu lililokaa kwenye kabati la Ulaya miaka zaidi ya 100 lilipata watu wake kwa njia ya vinasaba. Mjukuu wa Mangi Meli naye alikuwa ametoa vinasaba vyake, lakini kwenye yale manane babu yake hakuwemo.

Watu wa ukoo wa Kaaya nao wamo katika safari hii. Mnaweza kuwaona katika filamu ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, The Empty Grave, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2024. Inafuata familia mbili. Moja ni ya Songea, inayomtafuta Nduna Songea Mbano, shujaa wa Maji Maji aliyenyongwa mwaka 1906. Nyingine ni ya kwetu Meru, inayomtafuta Lobulu. Wakati filamu ilipokuwa ikitengenezwa, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha mbele ya wazao wa wale waliouawa. Msamaha ni mwanzo mwema. Lakini mtu hazikwi kwa maneno.

Nilisema kuna sehemu inayowahusu ninyi. Ndiyo hii, na inahitaji akili kidogo, kwa hiyo msogee.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wenu mna vinasaba, yaani maandishi madogo mno mliyopewa na wazazi. Yako ya aina kadhaa, lakini mawili yanatufaa sana tunapotafuta watu wa kale. La kwanza linaitwa kromosomu Y. Baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wa kwake, na halibadiliki ila kidogo sana. Maana yake, wanaume wa ukoo mmoja wa Kimeru waliotoka kwa babu mmoja hubeba kromosomu Y zinazofanana. Fuvu likipimwa likaonekana linafanana na la wanaume wa Kaaya, tutajua huyu ni wa ukoo huo. Vizuri. Je, ni Lobulu? Ndugu yake? Au mpiganaji mwingine wa ukoo uleule ambaye hakuna aliyemwandika? Kromosomu Y peke yake haijibu. Inakufikisha kwenye geti la ukoo, inakuacha hapo.

La pili huitwa vinasaba vya mitokondria, nalo hupita kwa mama tu. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini mwana wa kiume hawezi kumrithisha mtu. Lobulu alikuwa nalo la mama yake, akafa nalo. Watoto wake hawana. Ukitaka kulipata leo lazima umtafute dada yake, binti wa dada yake, binti wa yule binti, uteremke hivyo hivyo kwa wanawake hadi umfikie mtoto aliye hai. Na wanawake wa Kimeru huolewa nje ya ukoo wao. Mtoto huyo basi haitwi Kaaya. Labda anaitwa Mbise. Labda Nnko, au Akyoo, au jina la Kiarusha, au amezaliwa Kilimanjaro na hajui kama ana damu ya Meru. Mnawakumbuka wale wanawake waliorudishwa kwao? Kuna wazao wao huko hadi leo, na koo zetu hazina majina yao.

Hapo ndipo ninapopaona pagumu kuliko mambo ya Berlin. Berlin ina daftari. Mzee wa kwetu ukimwomba akutajie ukoo atakwenda nao vizazi saba bila kusita: fulani alimzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Mwulize mama zao waliitwa nani na walitoka ukoo gani, atakohoa. Tumewahifadhi baba, mama tumewaacha wapotee, na sasa mashine ya kisasa kabisa inatuuliza jina la mama. Mimi naliona kosa la koo zetu zote, wala halihitaji ruhusa ya serikali yoyote kurekebishwa.

Kuna na njia ya marika. Waarusha na Wameru walipotahiriwa waliingia rika lenye jina, na rika ni kalenda. Mzee wa Kiarusha akikwambia mtu fulani alikuwa Talala, umeshajua alikuwa kijana wa vita katika miaka hiyo ya 1890. Akikwambia Nyangusi, ujue huyo ni wa rika la baadaye sana. Seuri na Makaa walifuata. Kwa hiyo hata pasipo tarehe ya kuzaliwa, rika la marehemu pamoja na jina la mshili, yaani kiongozi, wa ukoo wake wakati huo vinakupa karibu mwaka. Ongezeni hapo vitabu vya ubatizo vya makanisa ya zamani kama Nkoaranga, ambako misheni ilirudi mwaka 1902, na nyaraka za Wajerumani zilizotunzwa katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Kile alichosimulia mzee kinaanza kushikana na kilichoandikwa.

Njia hizohizo zitawafaa na wale wengi zaidi, ambao nyumba zao hazikuwa za mangi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana hapa hapa, kuanzia Longido Novemba 1914 mpaka Arusha ilipochukuliwa Machi 1916. Waliobeba mizigo yao, wapagazi, wengi walikufa njiani kwa njaa na kuhara, wakafukiwa walipoangukia. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Ile sanamu ya askari pale katikati ya Dar es Salaam inawasifu kwa maandishi, na haina jina la hata mmoja wao.

Vita Kuu ya Pili afadhali kidogo. Batalioni za 26 na 36 za keya, yaani jeshi la askari Waafrika chini ya Uingereza, zilizotoka Tanganyika, zilipigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, na wa kwetu walikuwemo. Waliokufa waliandikwa: jina, namba ya jeshi, mara nyingine jina la baba na wilaya. Orodha hizo leo mnaweza kuzitafuta hata kwa simu, na makaburi ya Taukkyan karibu na Rangoon yanawahifadhi askari wa Afrika. Lakini karani wa jeshi aliandika alivyosikia. "Nnko" inaweza kuwa imeandikwa kwa namna tatu. Anayejua kwamba huyo ni wa kwao ni yule ambaye nyumbani kwao bado wanakumbuka kuwa mtoto wa pili wa fulani alikwenda Burma hakurudi, na mama yake alikuwa binti wa nani.

Watu wa mlima huu si wageni wa kudai haki yao mbali. Mwaka 1952, baada ya Wameru kufukuzwa Ngare Nanyuki, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kwamba ardhi yao imechukuliwa. Wanaodai mifupa ya Lobulu wanafuata njia iliyokanyagwa na wazazi wao. Mimi ninaamini mabaki yote ya watu wetu yarudi, yale yenye majina na yasiyo na majina, na gharama ya kuyarudisha ibebwe na walioyachukua. Ujerumani na Tanzania zisikae mezani miaka mingine kumi huku wazee wanaoweza kutoa mate na majina wakiondoka mmoja mmoja.

Ninyi hamwendi Berlin wiki hii. Lakini Jumamosi mnakwenda kwa bibi. Chukua daftari, mwamkie, msaidie kazi kwanza, kisha mwulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake, na kila mmoja alizaliwa ukoo gani na kijiji gani. Mwulize kama kuna mtu wa kwao aliyekwenda vitani asirudi, na alikuwa rika gani. Andika kama anavyotamka yeye, hata kama hujui tahajia, weka na tarehe uliyoandika. Ukimaliza msomee, akusahihishe, halafu lipeleke daftari hilo kwa mshili wa ukoo wenu na umwombe aandike majina ya kina mama katika kitabu cha ukoo, kando ya majina ya kina baba.